Muhuri wa Kuazima

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye korido ya hospitali. Sista Mkuu alikuwa ameshika kitambaa cha kijani chenye alama ya muhuri namba sita, na watu wote walikuwa wakimtazama mwenzangu wa kazi, yule tunayemwita Kimya.

Kabla sijaendelea, nimezipokea barua zenu. Mmoja ameniita nyoka. Mwingine ameuliza kama nina haya hata kidogo. Dada mmoja ameandika kurasa nne kuniombea, kisha mwishoni akaongeza kwamba angekuwa jirani yangu angehama. Nawashukuru wote. Endeleeni kuandika, ila yule wa kurasa nne apunguze wino mwekundu.

Kwa aliyeanza kusoma leo, narudia kwa ufupi.

Nafanya kazi katika chumba cha kutakasia vyombo vya upasuaji. Mikasi, visu na koleo vinakuja kwetu vikiwa na damu. Tunaviosha, tunavifunga kwa kitambaa, tunaviingiza kwenye mashine ya mvuke, na vikitoka tunavipiga muhuri: KIMETAKASWA. Chini ya neno hilo ipo namba ya aliyefanya kazi. Mimi ni namba tatu, Kimya ni namba sita. Kwa kuwa nimeokoka, na neno lenyewe ni la kanisani, hospitali nzima inaniita Mama Takasa. Jina hilo nililipenda kupita kiasi.

Jumatano ile mpira wa muhuri wangu ulibanduka. Kimya alikuwa anaondoka kwenda kung'olewa jino, akaniazima wake. Nikavipiga vifurushi vyote muhuri kabla ya kuviingiza kwenye mashine. Hairuhusiwi, na sote huwa tunafanya hivyo tukibanwa na kazi. Mara simu ikaita. Alikuwa Mama Mkurugenzi, mke wa mkubwa wetu, ambaye alikuwa ameniingiza kwenye kamati ya harusi ya binti yake. Nikatoka nje, tukajadili rangi ya sare kwa dakika thelathini na nane. Niliporudi nikaona vifurushi vimekaa kwenye toroli, vina muhuri. Nikavipanga kwenye rafu.

Mmeelewa? Nilipiga muhuri wa uongo, kisha nikauamini mwenyewe.

Ule utepe unaobadilika rangi kwa joto ulikuwa umeisha ghalani, tukawa tunafunga kwa utepe wa kawaida, kwa hiyo kwa nje hakuna aliyeona kitu. Kifurushi kimoja kilitumika alasiri ileile kumpasua mama aliyekuwa anajifungua kwa shida. Hapakuwa na muda wa kukagua. Mtoto alipokwisha kutoka salama ndipo mtu akakiona kile kikaratasi cha kipimo kinachokaa ndani ya kifurushi. Kikipigwa na mvuke hugeuka cheusi. Kilikuwa bado cheupe. Siku ya tatu mama yule, wa kitanda cha saba, akashikwa na homa.

Sista Mkuu alipouliza muhuri namba sita ni wa nani, Kimya alijibu, "Wangu." Akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa sikilizeni aibu iliyofuata.

Kikao cha nidhamu cha kumjadili Kimya kilipangwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Alfajiri ya siku hiyo nilishindwa kuvumilia, nikamwambia mume wangu.

"Baba watoto, lile jambo la kitanda cha saba ni langu."

Akaweka kikombe chini polepole. "Lako kivipi?"

Nikamweleza kila kitu. Mume wangu ni mzee wa kanisa, mtu mpole, hapandishi sauti hata timu yake ikifungwa mabao manne. Nilitegemea atanishika mkono twende wote hospitalini.

"Umeshatubu?" akauliza.

"Nimetubu. Nimelia siku zote hizi."

"Basi Mungu ameshakusamehe. Yamekwisha."

"Na Kimya?"

"Kimya naye ana Mungu wake."

"Mungu wake ni huyuhuyu wetu, baba. Mimi ndiye niliyempeleka kanisani."

Akachezea kijiko. "Barua yako ya kuwa mkuu wa kitengo inatoka Ijumaa. Hilo unalijua. Polisi unawajua. Watoto watasema nini shuleni? Mimi nitasimamaje mbele ya waumini? Nasema hivi kwa faida ya Injili. Ukianguka wewe, ni jina la Bwana litakalotukanwa."

Nakiri mbele yenu kwamba maneno hayo nilikuwa nayatafuta. Nilikuwa nimemwamsha mapema ili ayaseme. Nilipoyasikia nikajisikia mwepesi, nikamaliza chai yangu, nikaongeza na kikombe cha pili.

Kazini nilimkuta Kimya kwenye sinki, anasugua koleo. Walikuwa wamemruhusu kuosha tu. Kufunga vifurushi na kuendesha mashine walimkataza mpaka kikao kiishe.

Niwaambie kidogo habari za mtu huyu. Zamani alikuwa mlevi hasa. Alikuwa anakunywa mpaka spiriti ya kusafishia meza. Siku moja, mwaka jana, aliniuliza tukiwa tunakunja vitambaa, "Hivi dada, hilo neno lenu la kanisani na hili letu la kazini ni moja? Mtu naye anatakaswa? Kwa digrii ngapi?"

Nilicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Tuliongea mchana mzima. Jumapili iliyofuata alikuja kanisani amevaa shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu, na tangu siku hiyo hajagusa chupa.

Nikafunga mlango.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Niseme nini?"

"Kwamba uliniazima muhuri."

"Nani angeniamini? Mlevi anamsingizia Mama Takasa! Wangecheka mpaka wakae chini."

"Kwa hiyo unanilinda?"

Akafunga bomba la maji. "Sikulindi, dada. Nakusubiri."

Nikaegemea mlango niliokuwa nimeufunga.

"Uliniambia mtu akija kwa Yesu hana haja ya kujificha tena," akaendelea. "Mimi nikaamini. Nikaenda kwa mke wangu nikamwambia mambo ambayo hata wewe huyajui. Nililala sebuleni mwezi mzima. Sasa nataka nione kama maneno yale yalikuwa ya kweli, au yalikuwa mahubiri tu."

"Na kama yalikuwa mahubiri tu?"

Akachukua koleo nyingine, akaigeuzageuza. "Basi nitarudi nilikotoka. Si mbali."

Chupa ya spiriti ilikuwa kwenye kabati nyuma yake, hatua mbili tu. Aliona kwamba nimeitazama, akageuka akaendelea kusugua.

Nilitoka pale kichwa kinaniwanga. Kila Jumatatu huwa napita wodini kuwaombea wagonjwa, na siku hiyo nilikusudia kuipiga chenga wodi ya akina mama. Sikufanikiwa. Mama mzazi wa mgonjwa wa kitanda cha saba aliniona kwa mbali, akaja mpaka mlangoni amembeba mjukuu kifuani.

"Mwanangu, ndiwe Mama Takasa?"

"Ndiyo, mama."

"Nimeambiwa wewe ukiomba, Mungu anasikia. Njoo umwombee binti yangu."

Ningesema nina haraka. Ningesema chochote. Lakini bibi yule alikuwa ameshanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko nilivyotegemea.

Binti alikuwa amefumba macho, midomo imempasuka kwa homa. Nikaweka kiganja kwenye paji la uso wake. Alikuwa anawaka.

"Baba," nikaanza.

Wanaonijua wanajua kwamba maombi hayanipigi chenga hata siku moja. Nikishika kipaza sauti kanisani, mwenyekiti huwa anakohoa ili nimalize. Siku hiyo nilisema "Baba," nikanyamaza. Nikasema tena "Baba." Bibi akadhani nimezidiwa na upako, akaniitikia "Amina" kwa sauti ili kunisaidia.

Kisha akaniambia, "Ukimaliza, mwombee na huyo aliyefanya hivi. Mimi nimejaribu, nimeshindwa. Kila nikianza kumwombea naishia kumlaani."

"Samahani mama, naitwa," nikasema.

Hakuna aliyekuwa ameniita. Nilitoka nusura niangushe stendi ya dripu.

Kwenye korido simu ikaita. Nani tena? Mama Mkurugenzi.

"Mwenzangu, uko wapi? Fundi wa gauni anakusubiri saa nne hii, anataka vipimo."

"Saa nne kuna kikao, mama."

"Kikao kipi? Cha yule mlevi? Baba yao ameniambia ni cha dakika kumi, wanamfukuza na kumaliza. Wewe njoo, nitamwambia nimekutuma mimi. Halafu Ijumaa tunakunywa soda ya barua yako."

Nikaona mlango umefunguliwa. Sikuhitaji hata kudanganya. Nilikuwa nimepewa ruhusa na nyumba ya mkubwa mwenyewe. Nikachukua mkoba, nikaelekea getini kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli zake, aproni bado mwilini.

Hatua kumi kutoka getini kijana mmoja mwenye chupa ya chai akanisimamisha. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Samahani dada, wewe si wa kile chumba cha kutakasia vyombo?"

"Hapana," nikasema. "Mimi wa maabara."

Yalitoka hivyohivyo, bila kuyafikiria. Akatazama kifuani kwangu, kwenye maandishi ya aproni.

"Lakini hapa imeandikwa..."

"Nimeazima." Nikayafunika maandishi kwa mkoba.

"Humjui hata mmoja wa kule?"

"Simjui."

"Basi sawa. Mke wangu yuko kitanda cha saba. Nilitaka nimpate mtu wa pale nimuulize tu, kabla hatujaingia kwenye kikao, ilikuwaje." Akashukuru kwa adabu, akaenda.

Jogoo hakuwika. Aliyepasua ukimya ni mlinzi wa geti, aliyenijua miaka kumi na moja. Aliangua kicheko mpaka kofia ikamtoka.

"Mama Takasa! Maabara tangu lini?"

Nikaanza kulia. Sikulia kistaarabu kama nilivyozoea kulia kwenye ibada, na leso pembeni. Nililia kwa sauti, kamasi na yote. Mlinzi akaacha kucheka. Maskini, akadhani nimefiwa, akaniletea kiti chake.

Nilikaa pale nikilitazama geti lililo wazi. Nje kulikuwa na fundi wa gauni, barua ya Ijumaa, na mume wangu mwenye maneno matamu. Nilikuwa naogopa kupita kiasi. Niliogopa pingu, niliogopa uso wa yule bibi, niliogopa siku ambayo watoto wangu wangeitwa watoto wa yule mwanamke. Lakini nilijua kwamba nikivuka pale nitakuwa nimemuua Kimya, hata mgonjwa akipona. Na nilijua kwamba mimi ndiye niliyemwambia kuna Mtu anayetuona tulivyo na bado anatutaka. Kama mwenyewe nilikuwa siliamini hilo, nilikuwa naamini nini siku zote?

Sikuomba kwa maneno mengi. Nilisema, "Bwana, siwezi. Nizuie."

Hakuna kilichonizuia. Geti lilibaki wazi vilevile. Ilibidi nigeuze miguu yangu mwenyewe, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Niliingia kikaoni saa nne na dakika tano. Mkurugenzi alikaa mwisho wa meza ndefu. Sista Mkuu alikuwa na faili. Kimya alikaa karibu na mlango, amevaa shati lake la Jumapili, safari hii limepigwa pasi pande zote. Dirishani alikaa yule kijana, chupa ya chai kati ya magoti. Akaniona. Akainua uso, akakunja paji.

Mkurugenzi akasoma haraka. Kifurushi kilikutwa na muhuri namba sita. Mwenye muhuri amekubali ni wake. Anaachishwa kazi leo na faili linakwenda polisi.

"Una la kusema?" akamuuliza Kimya.

Kimya akasimama. "Muhuri ni wangu, mzee."

Akaishia hapo. Hakunitazama. Alitazama ukuta, kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake kituo cha polisi.

Nikasimama. "Muhuri ni wake, mkono ulikuwa wangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Badala yake Mkurugenzi akatabasamu.

"Mama, kaa. Tunaujua moyo wako. Huyu umemtoa mbali, inakuuma kumwona anaanguka. Lakini hapa si mahali pa huruma."

"Si huruma, mzee. Aliniazima muhuri akaenda kung'olewa jino. Nilivipiga vifurushi muhuri kabla, nikaviacha kwenye toroli nikatoka, na sikuviingiza kwenye mashine."

Sista Mkuu akanishika bega. "Mama Takasa, miaka kumi na moja hujakosea kifurushi hata kimoja. Usijitwishe mzigo wa mtu. Hiyo nayo ni dhambi."

Mnaona kichekesho changu? Siku zote hizi nilikuwa naogopa wataniamini. Siku nilipopiga moyo konde, hakuna aliyeniamini! Nikamtazama Kimya. Alikuwa amefumba macho. Ushahidi wangu wote ulikuwa kwake, na neno lake mle ndani lilikuwa halina thamani.

"Mimi namwamini," sauti ikasema kutoka dirishani.

Alikuwa yule kijana. Akasimama na chupa yake.

"Nimekutana naye getini muda si mrefu. Nimemuuliza kama ni wa chumba cha vyombo, akaniambia yeye ni wa maabara. Aproni hiyohiyo mnayoiona. Amenidanganya macho makavu. Mtu asiye na kosa hadanganyi vile."

Sista Mkuu akaondoa mkono begani mwangu.

"Ni kweli, mama?"

"Ni kweli."

Ndugu zangu, nimewahi kuvuliwa nguo na daktari mbele ya wanafunzi sita. Sikuona aibu kama ile. Na katikati ya aibu hiyo nilisikia, nyuma yangu, Kimya akivuta pumzi ndefu.

Tabasamu la Mkurugenzi likafutika. "Umeviacha vifurushi kwenye toroli saa za kazi. Ulikwenda wapi?"

Hapo ningesema chooni. Nani angebisha? Ungamo lingekuwa limekamilika, Kimya angekuwa huru, na mimi ningebaki na mlango mmoja wa kurudia kwa wakubwa. Nililifikiria. Sitaki kuwaficha, nililifikiria vizuri kabisa. Kisha nikatoa simu, nikatafuta orodha ya waliopiga Jumatano, nikaiweka mezani mbele yake.

Akaisoma. Akavua miwani, akaisoma tena.

"Huyu ni mke wangu."

"Ndiyo, mzee. Yeye alipiga tu. Kuacha kazi niliacha mwenyewe."

Alifungua mdomo, na mpaka leo sijui alitaka kusema nini, maana mlango ulisukumwa na nesi wa chumba cha upasuaji akaingia anahema.

"Sista, kitanda cha saba. Presha inashuka. Daktari anasema lazima afunguliwe sasa hivi, kidonda kisafishwe ndani. Hatuna seti ya vyombo."

"Kwenye rafu?"

"Za rafu zote mlizizuia tangu Jumamosi kwa ukaguzi. Ile moja tuliyobaki nayo imetumika asubuhi."

"Agizeni hospitali ya jirani."

"Tumeagiza. Ni saa nzima, na daktari hataki kusubiri saa nzima."

Sista Mkuu akamtazama Kimya, kisha mimi. Watu wa kuendesha mashine tumebaki watatu tu, na wa tatu huingia saa nane mchana.

"Hawa wawili hawagusi kitu!" Mkurugenzi akafoka.

"Kwa hiyo mke wangu asubiri saa nane?" kijana akauliza. Hakupandisha sauti. Akaja mpaka mbele yangu, karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya chai.

"Leo utaviingiza kwenye mashine?"

"Nitaviingiza."

"Utaangalia?"

"Nitaangalia."

Akamgeukia Mkurugenzi. "Aende. Na yule mwenzake asimame naye. Hao wawili ndio waliosema ukweli tangu nimeingia humu."

Mkurugenzi hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa bado ameishika simu yangu. Sista Mkuu ndiye aliyefungua mlango, na tukakimbia.

Seti ambayo Kimya aliisugua asubuhi ilikuwa sinkini, safi na kavu. Sikuwa na haja ya kumwambia afanye nini. Yeye alipanga, mimi nikafunga. Kikaratasi cha kipimo nilikiweka ndani, nikafungua kitambaa tena nihakikishe kwamba nimekiweka, nikafunga upya. Muhuri sikuugusa. Tukaingiza seti kwenye mashine, tukakaza mlango kwa mikono minne, nikawasha.

Mshale wa joto ukaanza kupanda. Themanini. Mia. Tunahitaji mia na thelathini na nne, na hapo ukae dakika zake.

Mia na tano. Mia na kumi.

Ukasimama.

Kimya akagonga kioo kwa kucha. Mshale haukutikisika. Akainama chini ya mlango wa mashine, akanyanyuka na uso uliobadilika.

"Mpira wa mlango unavuja."

Nikasikia mvuke ukitoka, sauti nyembamba ya kuudhi. Akakaza tena mpini kwa uzito wake wote. Nami nikakaza juu ya mikono yake.

Kidirisha cha kupitishia vifurushi kikafunguliwa kwa upande wa pili, wa chumba cha upasuaji. Alikuwa daktari mwenyewe, amevaa glavu, mikono ameiinua.

"Mama Takasa, mgonjwa yuko mezani, ameshalazwa usingizi. Siwezi kumwacha hivi. Seti iko tayari?"

Vyombo vilikuwa vimeshapata joto la mia na kumi. Ningefungua, ningempa vikiwa vinafuka mvuke, na angevipokea bila swali. Utepe wa kawaida usingesema kitu. Huenda vingetosha. Huenda mwanamke yule angepona, na mimi ningekuwa niliyemwokoa. Nikisema hapana akafia mezani, nitakuwa nimemuua mara mbili, na safari hii mbele ya mashahidi.

Kimya alikuwa ameshika mpini, jasho linamdondoka, ananitazama.

"Bado, Daktari," nikasema.

"Bado dakika ngapi?"

Nikageuka nikautazama mshale. Ulikuwa umeanza kushuka.

"Sijui," nikasema. "Lakini hivi sikupi."